Kulainisha picha ya zamani bila kupoteza kingo (kovu la shosho limefutika, nisaidieni)

fundi_wa_kayole

Wadau habari za jioni. Nimekwama na siku zimebaki chache kwa hivyo mnisamehe nikiandika ndefu.

Shosho yetu alituacha wiki jana, mazishi ni Jumamosi huko Murang'a. Familia imeniachia kazi ya picha juu mimi ndio najulikana kwa mambo ya kompyuta, picha ya kuweka kwa stendi kando ya jeneza na pia ya jalada la kile kijitabu cha maisha yake. Sasa picha yenye watoto wake wote wanakubaliana ni moja tu, ndogo, nyeusi na nyeupe, kama sentimita 6 kwa 9, ilipigwa studio na nyuma imeandikwa 1974 na kalamu ya wino. Amekaa anaangalia kamera moja kwa moja, amefunga kitambaa cha maua madogo madogo kichwani, na juu ya nyusi ya kushoto kuna kovu. Hilo kovu ni la kuni, kipande kiliruka akipasua kuni akiwa msichana, na sisi wajukuu hio stori tumeisikia mpaka kila mtu anaweza kuisimulia na sauti yake.

Nimeiskani 1200 dpi (nukta 1200 kwa kila inchi) nikapata faili ya pikseli 2835 kwa 4252, kijivu tupu, biti 8, yaani kila pikseli ni namba ya 0 (nyeusi) mpaka 255 (nyeupe). Wanataka iprintiwe ukubwa wa A2. Ukiizumu ndio unaona shida, chenga zimejaa kila mahali, ukuta wa nyuma yake unafanana na mchanga, uso pia, halafu kuna vumbi, vile vidoti vyeupe. Nilianza na blaa ya kawaida, ile ya kutia ukungu, kwa GIMP (programu ya kuhariri picha), chenga zikaisha lakini macho nayo yakaingia ukungu, mstari wa kitambaa na paji la uso ukayeyuka. Nikasoma kuna filta inaitwa bailaterali ambayo inalainisha na kuacha kingo, nikachukua laini ya kodi ya Python kwa tutoriali moja nikaiweka. Hii hapa:

img = cv2.imread('shosho.png', 0)
img = img.astype('float32') / 255
out = cv2.bilateralFilter(img, 9, 75, 75)
out = cv2.bilateralFilter(out, 9, 75, 75)
out = cv2.bilateralFilter(out, 9, 75, 75)

Inatoka vile vile kama blaa, sioni tofauti yoyote, ndio maana nimerudia mara tatu nikidhani pengine haijashika. Nikamtumia anti kwa simu, ndiye binti yake mkubwa. Alikaa nayo muda halafu akanipigia akaniuliza, "Huyu ni nani?" Hakuwa anagomba, alikuwa anauliza tu. Kovu halipo. Ile mistari ya kando ya mdomo haipo.

Nakosea wapi? Ama hii kazi inataka filta ingine kabisa?

njeri_wa_pikseli

Pole sana kwa msiba kaka, Mungu awape nguvu.

Shida ya kwanza iko kwa laini yako ya pili, hapo kwa kugawa na 255. Wacha nieleze vile hio filta inafikiria ndio uone. Kila pikseli inachukua majirani zake na kutafuta wastani, hio ni kama blaa tu, lakini kabla jirani hajakubaliwa anapimwa mara mbili. Kipimo cha kwanza ni umbali, jirani wa karibu ana uzito kuliko wa mbali. Cha pili ni rangi, kama weusi wake uko tofauti sana na wangu basi huyo ako upande mwingine wa ukingo na sitamsikiliza. Zile 75 mbili zako ndizo vipimo vyenyewe, zinaitwa sigma, ya kwanza ya rangi, ya pili ya umbali. Ile 9 ya mbele ni dirisha, upana wa mraba wa majirani.

Sasa mwenye aliandika ile tutoriali alikuwa na picha ya 0 mpaka 255. Wewe umeigawa, picha yako yote inakaa kati ya 0 na 1. Tofauti kubwa kabisa inayowezekana ndani yake ni 1, halafu umemwambia filta asijali tofauti mpaka ifike mitaa ya 75. Piga hesabu, jirani mwenye tofauti ya 1 kamili anapata uzito wa 0.9999. Yaani kwa macho ya filta yako nyeusi tititi na nyeupe pepepe ni mtu na nduguye. Kipimo cha rangi kimekufa, umebaki na wastani wa majirani peke yake, na umeupiga mara tatu. Hujaona tofauti na blaa juu hakuna tofauti, ni blaa.

Toa hio laini ya kugawa uache picha ikiwa 0 mpaka 255. Ama kama unaitaka hivyo, 75 igawe pia na 255, inakuwa 0.294 hivi. Na piga mara moja tu kwanza, usirudie.

rangi_za_mathree

Poleni familia.

Mimi nachora mathree, sura za watu kubwa ubavuni mwa gari, kwa hivyo mimi hii kulainisha naifanya kila wiki lakini sababu yangu ni tofauti na yako. Mimi nataka uso ugawanyike vipande safi, hapa giza hapa mwanga, ndio nikate stensil na kupuliza rangi. Hapo hizo sigma kubwa ndizo naziweka na zaidi. Kuna hata ingine ya zamani natumia, ya Kuwahara, Mjapani na wenzake waliitoa 1976 wakisafisha picha za moyo za hospitalini. Hio inaangalia pembe nne zinazozunguka pikseli, inachagua pembe iliyotulia kuliko zingine na kuchukua wastani wake peke yake. Ukingo unabaki mkali, lakini picha inatoka kama imechorwa kwa brashi.

Nakuambia hivi ndio usidanganyike na mtu akikuambia Kuwahara inaacha kingo, ni kweli inaacha, lakini shosho atakuwa mchoro. Kwa gari ni poa. Kwa stendi ya kando ya jeneza sidhani.

fundi_wa_kayole

Njeri asante sana, ilikuwa hio kabisa. Nimetoa laini nikapiga mara moja na sasa kitambaa kimetoka mstari wake safi, kola ya nguo iko, macho yako. Nimefurahi mpaka nikasimama.

Lakini kovu bado. Liko kama kivuli, ukijua liko utaliona, usipojua hulioni. Na ngozi imekuwa laini vibaya, kama ile sanamu ya kuvalishwa nguo dukani. Rangi_za_mathree nimekuelewa, hio Kuwahara nimeijaribu dakika mbili nikaiacha.

Kwa nini inaacha kola na inakula kovu? Si vyote ni kingo?

mwalimu_wa_mawimbi

Pole kwako na kwa jamaa wote, ndugu yangu. Swali lako la mwisho ndilo lenyewe, na ningependa tulikalie kidogo maana watu wengi huipita hapo.

Filta haijui ukingo ni nini. Haijui kovu, haijui kola. Inajua kitu kimoja tu, tofauti ya namba kati ya pikseli hii na ile. Kola nyeupe juu ya nguo nyeusi ina tofauti ya namba 120 au 150, kwa hiyo hata kwa sigma ya 75 inasalimika. Kovu la zamani kwenye ngozi, katika picha ya studio yenye taa za mbele, tofauti yake na ngozi iliyo kando ni ndogo mno. Tuseme ni 20. Sasa tia 20 kwenye ile hesabu ukiwa na sigma 75, uzito wa jirani ni 0.965. Amekubaliwa karibu mzima mzima, na kovu likachanganywa na ngozi. Chukua sigma 12, tofauti ile ile ya 20 inapewa uzito wa 0.25. Chukua 9, unashuka hadi 0.085, na hapo kovu limeanza kupata ukuta wa kujikinga.

Mimi huwaeleza wanafunzi kwa mfano wa maji shambani. Ukifungulia maji yatasambaa na kusawazisha kila shimo mpaka yakutane na tuta. Tuta la kola ni refu, maji hayalipandi. Tuta la kovu ni la kifundo cha mguu, nawe umefungulia maji ya magoti. (Perona na Malik mwaka 1990 waliandika njia nzima kwa wazo hilohilo, wao walitumia joto linalosambaa kwenye picha na kupunguza mwendo kila linapokaribia ukingo. Hii bailaterali unayotumia ilipewa jina hilo na Tomasi na Manduchi mwaka 1998. Ni njia mbili, lakini zinakabiliwa na swali moja: tuta liwe refu kiasi gani ndipo liheshimiwe?)

Kwa hiyo ile 75 usiichukue kwa mtu. Aliyeiandika alikuwa na picha yake na chenga zake. Wewe pima chenga zako. Fungua skani ghafi kwenye GIMP, ile ambayo haijaguswa na filta yoyote. Chagua kipande cha ukuta ulio nyuma ya marehemu, mahali ambapo hakuna kivuli wala vumbi, mraba wa pikseli 100 kwa 100 hivi. Fungua dirisha la histogramu. Utaona wastani, na kando yake namba ya mtawanyiko wa kawaida. Hiyo ya pili ndiyo ukubwa wa chenga zako. Andika. Kisha nenda kwenye paji la uso, pima wastani wa kipande kidogo ndani ya kovu, pima na kipande cha ngozi iliyo kando, utoe moja kwa nyingine. Hiyo ndiyo urefu wa tuta lako.

Sigma ya rangi iwe kama mara moja na nusu hadi mara mbili ya chenga. Ikiwa kovu ni kubwa kuliko hapo, litabaki. Ikiwa chenga na kovu vinalingana, bailaterali peke yake haitakusaidia, tutatafuta njia nyingine.

Jambo moja kuhusu kurudia mara tatu. Kila mara unapopita, ile miteremko ya taratibu, kama shavu linavyozunguka kutoka kwenye mwanga kuingia gizani, inaanza kukatika kuwa ngazi. Ngazi hizo ndizo zinazompa mtu sura ya plastiki. Pita mara moja.

Leta namba.

fundi_wa_kayole

Mwalimu shikamoo, na asante, sijawahi kuelezwa hivi. Nimepima.

Ukuta wa nyuma, mtawanyiko ni 6.1. Nimejaribu vipande vitatu zote zinacheza hapo kwa 6.

Kovu: ndani 131, ngozi ya kando 111. Yaani 20, ni kama ulikuwa umeiona. Mistari ya kando ya mdomo ni 14 upande mmoja na 17 ule mwingine.

Nimeweka 9, 12, 9 (dirisha, rangi, umbali) na kovu limerudi. Si lote, lakini limerudi. Nikaweka rangi 9, umbali 9, na hapo limerudi kabisa, hata ule mwisho wake unaopinda kuelekea sikio. Kwa ukuta chenga bado zinaonekana kidogo na sigma ya 9. Na vumbi haijatoka hata moja, vile vidoti vyeupe viko pale pale, saa hii ata vinaonekana zaidi juu kando yake pamelainika.

mwalimu_wa_mawimbi

Marahaba. Namba zako ni nzuri, kovu liko zaidi ya mara tatu ya chenga.

Vumbi kubaki ni haki kabisa, si kosa la filta. Kidoti cheupe kina tofauti ya 80 au 100 na jirani zake, kwa hiyo bailaterali inakiona ni ukingo na inakilinda kama inavyolinda kola. Ndiyo maana vumbi hutolewa kwanza, na kwa chombo kingine.

njeri_wa_pikseli

Hapo kwa vumbi wacha niseme juu ndio kazi yangu, naskani picha za watu za zamani.

Vumbi ni mediani. Mediani haitafuti wastani, inapanga namba za dirisha kutoka ndogo mpaka kubwa na kuchukua ya katikati, kwa hivyo kidoti chochote ambacho hakijafika nusu ya dirisha kinapotea bila kuacha alama. Wengi wanaweka 3 halafu wanashangaa mbona vumbi iko. Umeskani 1200 dpi, chembe ya vumbi ya sehemu ya kumi ya milimita inakula karibu pikseli 5 upana, na dirisha la 3 lina pikseli 9 peke yake, litatoshaje? Weka 11. Hapo dirisha ni pikseli 121 na chembe ni 25 hivi, inaenda.

Lakini usiweke mediani ya 11 kwa picha yote tafadhali, itakula nyuzi za nywele na maua ya kitambaa yote, kitu chochote chembamba mediani inakiona ni uchafu. Fanya hivi, tengeneza kopi yenye mediani, halafu linganisha na picha yako. Pale tu ambapo picha yako ni nyeupe kuliko kopi kwa zaidi ya 40, chukua pikseli ya kopi. Kwingine kote usiguse:

med = cv2.medianBlur(img, 11)
vumbi = (img.astype(int) - med) > 40
safi = img.copy()
safi[vumbi] = med[vumbi]

Na hapa nakuomba uwe makini sana. Kabla ya kurun hio, zuia macho. Ule mwanga mdogo ndani ya jicho, ile nukta nyeupe ya taa ya studio, kwa skripti ni vumbi kama vumbi zingine. Nilishawahi kutoa picha ya mzee mmoja nikaipeleka, mwenyewe akaniambia babake anaonekana kama hayuko. Nilizunguka saa nzima nikitafuta nilichobadilisha. Ilikuwa hizo nukta mbili. Chora maski ya macho na ya maua ya kitambaa, vumbi ya huko toa na mkono kwa brashi ya kuponya, si nyingi.

kibuyu_cha_data

Poleni sana. Nachangia kidogo kuhusu kitambaa.

Kwa kitambaa chenye maua yanayojirudia bailaterali si ndio bora. Jaribu ile ya Buades, Coll na Morel ya 2005, kwa OpenCV (hio cv2 unayotumia) ni fastNlMeansDenoising. Hio haiulizi jirani wa karibu peke yake, inachukua kipande cha 7 kwa 7 na kukitafutia vipande vinavyofanana nacho ndani ya eneo la 21 kwa 21, halafu inafanya wastani wa vile vinavyofanana. Sasa kwa kitambaa ua la hapa ni kama ua la pale, chenga peke yake ndizo tofauti, kwa hivyo maua yanasafishana. Eneo la 21 linaweza kuwa dogo kwa skani yako, kama ua moja ni pikseli 60 haitaona ua la pili. Ongeza mpaka izidi umbali kati ya ua na ua, lakini jua itachukua muda, vipande vya kulinganisha vinaongezeka kwa mraba wake.

Kwa uso usiitumie kwa nguvu. Kovu moja halina mwenzake wa kulinganishwa naye.

fundi_wa_kayole

Aki nyinyi watu. Stima ilipotea saa mbili usiku nikamalizia na betri, hivi ndio nimefanya.

Vumbi kwanza vile Njeri amesema, macho na kitambaa nimeviwekea maski. Nimeangalia zile nukta za macho kabla na baada, ziko. Halafu nimetengeneza leya tatu. Ukuta wa nyuma nimeupiga bailaterali 9, 16, 9 juu pale hakuna kitu cha kupoteza. Uso 9, 9, 9. Kitambaa ile ya vipande, nguvu 6, eneo nimeongeza mpaka 81 na laptopu imeunguruma muda mrefu sana, nilienda kupika ugali nikarudi nikala bado inaendelea. Lakini maua yametoka, unaona kila petali. Sikuwa najua yana petali tano.

Mipaka ya leya nimeilainisha pikseli 20 ndio isionekane imekatwa na makasi.

Halafu kuna kitu nilitaka kuuliza, nikaongeza ukali wa mwisho nikapata kamstari keupe kanazunguka kola yote na taya. Hio ni nini tena?

njeri_wa_pikseli

Hio ni kawaida kwa bailaterali ukiiongezea ukali, pikseli zilizo juu ya ukingo wenyewe hazina majirani wengi wa kufanana nazo kwa hivyo zinavutwa upande mmoja, na ukizidisha ukali lile kosa dogo linakuwa mstari. He, Sun na Tang walitoa filta ya kuongozwa 2010 na hii ni moja ya shida walikuwa wanaitibu, na tena ni ya haraka, muda wake hauongezeki ata ukiongeza dirisha. Iko kwa OpenCV lakini lazima uinstali kontrib, kile kifurushi chake cha ziada.

Kwa kazi ya Jumamosi lakini, kwa nini uongeze ukali? Uondoe tu. Umehangaika siku mbili kuokoa kingo, ziko.

mzee_wa_printi

Kijana pole, na poleni nyote nyumbani.

Mimi niko River Road kwa printa miaka mingi, nimeprint picha za mazishi nyingi kuliko za harusi. Msikilize huyo dada, toa ukali. Na nikuongezee mambo ya huku kwetu.

Usikague uso kwa skrini ukiwa umezumu asilimia 300, hakuna mtu atakayesimama hapo kwa stendi na darubini. Faili yako ikienda A2 ni kama pikseli 171 kwa inchi, inatosha kabisa, na kitambaa cha kanvasi chenyewe kina nyuzi zinazoficha chenga ndogo. Watu wakija hapa na uso uliosafishwa mpaka ukaisha, kwa kanvasi unazidi kuwa bapa. Uso ambao umebakishiwa chenga kidogo ndio unatoka kama ngozi. Kwa hivyo ile leya yako ya uso rudisha asilimia 30 ya picha ya kwanza juu yake, chenga zirudi kidogo.

Na kabla hujalipia A2, kata kipande cha uso kutoka nyusi mpaka kidevu, kwa ukubwa ule ule kitakavyokuwa kwa A2, uprint kwa karatasi ya A4. Ni pesa kidogo. Kibandike ukutani, rudi nyuma hatua tatu. Mwite huyo anti aangalie, yeye ndiye anayejua huo uso. Usimtumie kwa simu tena, simu zingine zinalainisha picha zenyewe na huwezi jua anaona nini.

Leta Alhamisi asubuhi, wapi popote utaprint, usingoje Ijumaa. Ijumaa mji wote unaprint eulojia.

fundi_wa_kayole

Mzee shikamoo. Nimefanya. Nimerudisha 30, nimetoa ukali, nikaprint kipande A4 hapa mtaani, nikapanda mathree mpaka kwa anti Umoja nacho ndani ya bahasha ya kaki.

Sikumwambia kitu. Nilikibandika kwa mlango wa kabati na selotepu nikakaa. Alikuja na miwani yake, akasimama pale, halafu akaenda karibu akaweka kidole juu ya nyusi. Akasema "Kuni ya mubariti." Mimi miaka yote nilikuwa najua ni kuni tu, hakuna aliyewahi kuniambia ni ya mti gani.

Kesho asubuhi naenda kuprint. Njeri, mwalimu, kibuyu, mzee, rangi, Mungu awabariki. Namba nimeandika hapo juu kama kuna mtu atatafuta siku moja, lakini mtu apime chenga zake kwanza.

kibuyu_cha_data

Safari njema ya Murang'a. Swali moja tu la baadaye, ulisema uliskani biti 8. Skana yako haina 16? Kwa picha yenye vivuli vizito kama hio 16 ingekupa nafasi zaidi ukirekebisha mwanga.

fundi_wa_kayole

Iko na 16, niliiona kwa menyu nikaiogopa. Na nikijaribu kuingiza faili ya 16 kwa bilateralFilter inakataa.

njeri_wa_pikseli

Inakataa juu inakubali biti 8 ama desimali za biti 32 peke yake. Na mediani ikizidi 5 inataka 8 tu. Kwa hivyo ukiskani 16, tengeneza kopi ya biti 8 ya kutafutia vumbi, ile yenyewe gawanya na 65535 iwe 0 mpaka 1, na hapa ndio ukumbuke kilichokupata mwanzo. Sigma yako ya 9 inakuwa 9 gawanya kwa 255, yaani 0.035. Ya ukuta 0.063. Ya umbali usiiguse, hio ni pikseli.

fundi_wa_kayole

0.035. Nimeandika. Kuna picha yake ingine na babu, ya rangi, imefifia yote imekuwa nyekundu. Baada ya mazishi nitaifungulia uzi wake.